Homoni zimevurugika: nianzie jikoni au hospitali?

BintiWaJioni
Habari zenu wadau, hasa akina dada na mama zetu humu. Mzunguko wangu siku hizi haueleweki, kuna mwezi siku zangu zinakuja mara mbili halafu miezi miwili kimya (mimba hakuna, nimepima), chunusi za kidevuni zimegoma kuondoka na ikifika jioni nimechoka mpaka najibu watu vibaya. Kila ninayemuuliza anasema "homoni hizo" halafu ana kitu cha kuniuzia. Mmoja ana chai ya kusafisha homoni, mwingine mbegu za kula kwa zamu kufuata mzunguko, mwingine anataka niache wanga wote. Kwa sasa asubuhi nakunywa kahawa tu, mchana saladi, usiku ndo nakula cha maana, na mazoezi napiga karibu kila siku tena yale ya kuruka ruka. Swali langu, hivi chakula kinaweza kweli kurekebisha homoni au najichosha bure? Na msije PM na matangazo tafadhali 😅

MamaPachaWawili
Pole mwaya. Mimi nna PCOS (ule ugonjwa wa homoni unaovuruga ovari na mzunguko) kwa hiyo naongea ninachokijua, ila wewe usijipachike jina la ugonjwa kabla ya vipimo. Watu wengi wanapiga altrasaundi wanaambiwa ovari zina vifuko basi wanalia, kumbe picha peke yake haitoshi. Daktari anatafuta angalau mambo mawili kati ya matatu: mzunguko usioeleweka, homoni za kiume kuwa juu (zinaonekana kwenye damu au kwa dalili kama ndevu na chunusi sugu), na ovari zenye vifuko vingi vidogo. Na hata ukiwa nayo hayo mawili lazima kwanza aondoe sababu zingine. Usidhani ni ya wanene tu, wembamba nao wanayo.

Kwa upande wa chakula, kwa sisi wenye PCOS shida kubwa mara nyingi ni insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mwili hauisikii vizuri, kongosho linaongeza dozi, na hiyo insulini ikizidi inaichochea ovari itengeneze homoni za kiume nyingi zaidi, yai linakwama halipevuki. Ndo maana soda, juisi na vitu vitamu nimevipunguza sana. Wanga sijaacha, nimebadilisha aina tu, nafaka isiyokobolewa, maharage, dengu, na kila mlo lazima kuwe na protini, yai au samaki au kunde. Kama uzito umezidi, kupungua hata asilimia 5 mpaka 10 kunaweza kurudisha yai kupevuka, sio lazima uwe mwembamba kama sindano.

MbeguNaAsali
Mimi hizo mbegu zimenisaidia jamani, msizidharau. Kitani na maboga nusu ya kwanza ya mwezi, ufuta na alizeti nusu ya pili. Ngozi imetulia kabisa.

NesiWaZamu
@MbeguNaAsali kula tu mbegu zako, zina nyuzinyuzi, zinki na mafuta mazuri. Ila hilo la kuzipangia zamu kwamba hizi zinapandisha estrojeni na zile projesteroni (homoni mbili za kike zinazoendesha mzunguko) halina ushahidi wa maana, zichanganye zote ule siku unayotaka. Chai za kusafisha ndo sizitaki kabisa, kazi ya kuondoa homoni zilizotumika inafanywa na ini, halafu zinatoka kwa mkojo na choo. Baadhi ya hizo chai ni dawa ya kuharisha tu.

Sasa mleta mada, mimi kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hiyo ratiba. Kahawa, saladi, halafu mazoezi makali karibu kila siku?? Kila mtu anakwambia upunguze kitu na hakuna aliyekuuliza kama unashiba. Ubongo ndo unaotoa amri kwa ovari, na ukiona nguvu inayoingia ni ndogo kuliko inayotumika unabana matumizi, na moja ya vitu vya kwanza kukatwa ni uzazi kwa sababu bila hedhi unaishi lakini bila moyo huishi. Yai halipevuki, siku zinachelewa, zinaweza kupotea kabisa, na ikikaa muda mrefu mifupa nayo inadhoofika maana estrojeni iko chini. Hii inampata hata mtu ambaye kwa macho hajakonda. Ukimwambia mtu kama huyo aache wanga unamuongezea tatizo.

Ningekuwa wewe ningekula asubuhi chakula cha kueleweka, kahawa ifuate baadaye (tena chai na kahawa vikinywewa na mlo vinazuia madini ya chuma, na mwanamke anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 kwa siku, ukivuja damu mara mbili kwa mwezi uchovu huo unaweza kuwa ni damu tu imepungua). Mazoezi punguza makali, tembea, nyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, siku zingine pumzika. Lala masaa 7 au zaidi. Pombe kama unatumia punguza, inapandisha estrojeni.

Ila hospitali nenda sambamba na hayo, usisubiri. Mzunguko wa mtu mzima ukiwa chini ya siku 21 au juu ya 35 mara kwa mara, au ukikosa hedhi miezi mitatu, au ukivuja mpaka pedi inajaa ndani ya saa moja, hayo sio mambo ya kutibu na saladi. Omba wapime wingi wa damu na akiba ya chuma, TSH (homoni ya kutoka kwenye ubongo inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi), prolaktini (homoni ya maziwa), sukari na homoni za kiume.

MamaPachaWawili
Nesi hapo kwenye kushiba umenigusa, mi nilikuwa nishamuweka kwenye kundi langu la insulini 🙈 Kumbe mmoja anatakiwa apunguze na mwingine aongeze, na dalili zinafanana.

BintiWaJioni
Asanteni sana, huyo wa kuniuliza kama nashiba ni wa kwanza kweli. Kesho naanza na kifungua kinywa, vipimo wiki ijayo. Kuna vidonge vya nywele na kucha natumia, vina biotini (vitamini ya kundi B), niendelee navyo?

NesiWaZamu
Hivyo visimamishe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu na umwambie daktari ulikuwa unavitumia. Biotini ya dozi kubwa inachanganya baadhi ya mashine, TSH inasomeka chini na homoni za tezi juu, unaambiwa tezi inafanya kazi kupita kiasi kumbe ni kidonge cha nywele.