Maji ya bomba Dar na meno ya mtoto: floraidi ndiyo tatizo?

MzaziTabata: Wakuu, mtoto ana miaka minne. Meno ya mbele ya juu yana weupe kama chaki karibu na fizi, moja limeanza kumomonyoka. Maji ni ya bomba, yakikatika tunanunua ya boza. Shangazi yake wa Arusha anasema ni floraidi, yale madini ya kwenye maji na dawa ya meno, tutafute dawa ya meno isiyo nayo. Mbona Marekani wanaiweka makusudi kwenye maji?

KinywaSalama: Kwa Arusha shangazi yuko sahihi, miamba ya volkano huko inatia floraidi nyingi kwenye maji. Bomba la Dar linategemea zaidi Mto Ruvu, ambao floraidi yake ni kidogo, na hapa hakuna anayeiongeza. Marekani walianza kuiongeza katika mji wa Grand Rapids mwaka 1945, siku hizi wanalenga miligramu 0.7 kwa lita. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 1.5.

Madoa ya floraidi hujitengeneza jino likiwa bado ndani ya fizi, ndiyo maana huonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani, kushoto na kulia yakifanana. Weupe unaofuata mstari wa fizi kisha jino likamomonyoka ni kuoza. Ukiondoa floraidi hapo unamnyang'anya kinga ya meno yasioze.

Chukua dawa ya meno yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500, imeandikwa kwenye tyubu. Kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala. Umswaki wewe, si yeye, mpaka afike miaka saba hivi. Ateme tu, asisukutue, maji yanaiosha floraidi. Na chupa ya maziwa au chai ya sukari kitandani ikome: usiku mate hupungua, asidi inabaki inatafuna jino.

FundiVisima: Boza muulize maji kayatoa wapi. Visima vingi vya Dar kero yake ni chumvi, lakini chukua sampuli upeleke maabara. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Chujio la RO, lile linalosukuma maji kwenye utando mwembamba sana, huipunguza sana.

MzaziTabata: Asanteni. Ila huyu hatemi, anameza.

KinywaSalama: Piga hesabu. Punje ya njegere ni kama gramu 0.25, kwa ppm 1,000 hiyo ni miligramu 0.25 za floraidi. Akimeza zote mara mbili ni nusu miligramu kwa siku. Lita moja ya maji yenye miligramu 5 inampa mara kumi ya hapo. Mfundishe kutema taratibu, tyubu ikae juu asiifikie.

Lililomomonyoka haliponi kwa mswaki, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii. Yale yenye weupe tu bado yanaokoka: omba apakwe vanishi ya floraidi (dawa nzito inayopakwa juu ya jino), hurudiwa kila miezi mitatu hadi sita. Akikaribia miaka sita mchungulie nyuma kabisa. Gego la kwanza la ukubwani huota bila jino lolote kung'oka, wazazi wengi hulidhani la utoto wakaliacha lioze.