Redio ya matangazo au redio ya michango, ipi inadumu huku Kusini?

Mchuruzi_Nachi:
Wakuu habari za jioni. Tuko wanne hapa Nachingwea, Lindi, tuna vihela vya korosho na wazo la kufungua redio ya FM, ndogo tu, ya wilaya. Sasa tumegawanyika. Wawili wanataka biashara, yani matangazo, udhamini, salamu za kulipia. Mmoja ni mtu wa kanisa, anasema tusiuze tangazo hata moja, tuendeshe kwa michango ya wasikilizaji. Kila tukikaa anatuletea K-LOVE, mtandao wa redio za nyimbo za Kikristo wa Marekani unaoishi kwa michango, eti walianza na kituo kimoja Santa Rosa, California mwaka 1982 na leo wana masafa zaidi ya elfu moja bila kutangaza sabuni. Nimefuatilia ni kweli, ila nikaona pia miji mingi walikoingia kuna redio ya biashara imezimwa wakakaa wao. Mimi niko katikati. Nyie mngechagua ipi?

MuuzaSpoti:
Nimeuza matangazo redio moja Mtwara mjini miaka minne, sitaji jina. Kaka, redio ya biashara huku ina msimu kama korosho. Minada ikianza mwezi wa kumi wanakufuata wenyewe, wa bodaboda, wa mabati, wa magodoro, simu hailali. Mwezi wa tano wa sita wanakuja wa salfa, dawa ya mikorosho. Ila Februari mpaka Aprili unakaa na kitabu cha risiti hakijachanwa hata karatasi moja. Kuna jamaa alinilipa tangazo la wiki mbili kwa godoro la inchi nane, nikalipakia kwenye boda mpaka ofisini na mvua inanyesha, bosi akaliona zuri akalipeleka kwake. Mshahara wa mwezi ule hatukuuona. Kwahiyo mkienda biashara wekeni akiba ya miezi mitatu kabla ya kununua hata maiki.

FundiMnara:
Mnara haujui kama unapiga kwaya au singeli. LUKU ile ile, dizeli ya jenereta ile ile, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lazima uwalipe. Halafu leseni ya kibiashara na isiyo ya kibiashara ni vitu viwili, amueni kabla ya kujaza fomu maana kubadilisha katikati ni usumbufu.
Hao K-LOVE wana ujanja mmoja ambao rafiki yenu hajawaambia. Kipindi kinatengenezwa sehemu moja, kinapanda satelaiti, kule mjini kuna transmita na antena basi, hamna studio hamna mtangazaji. Na mwaka 2017 FCC, yani TCRA ya kwao, ikafuta sharti la kila kituo kuwa na studio karibu na eneo lake, ndio mambo yakawa mteremko kabisa.

Masasi_to_Chicago:
Nilikuwa Chicago 2018 The Loop, redio ya roki ya miaka mingi, ilipouzwa kwa hao wenye K-LOVE, dola milioni 21.5. Jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi stoo alikuwa nayo tangu utoto, asubuhi moja akawasha akakuta nyimbo za kusifu, akakaa kimya mpaka chakula cha mchana. Mwaka uliofuata wakanunua redio sita kwa mpigo kutoka Cumulus, kampuni kubwa ya redio za biashara, dola milioni 103.5, humo WPLJ ya New York imo.
Ila msidhani waumini ndio waliowafukuza wa biashara. Cumulus mwishoni mwa 2017 ilikuwa imekimbilia mahakamani kwa madeni, ilihitaji kuuza, na mwenye hela mkononi alikuwa huyu wa michango. Na jambo ambalo watu hawalisemi, redio za biashara zilizobaki mjini hazikulia sana. Mpinzani aliyekuwa anagombania matangazo nao katoka, aliyeingia hagusi matangazo. Waliolia ni watangazaji na wasikilizaji.

DukaLaMkuti:
Hapo ndipo mnaponiumiza mimi. Redio moja ya matangazo ikifa, iliyobaki inanipandishia bei, nitaenda wapi? Mimi Mwislamu, natangaza popote penye masikio, sina shida na kwaya, nina shida na bei.

Mama_Ndanda:
Mbona mnaenda mbali, Radio Maria ya Wakatoliki ilianzia Songea 1996, haina tangazo, watu wanajitolea. Mamaangu ana kiredio chake dirishani kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila ikifika Mariathon, siku zao za kuchangisha, anatuma elfu mbili yake kwa simu kabla hajanunua sukari. Michango inawezekana wanangu.

FundiMnara:
Shikamoo mama. Sikatai, ila elfu mbili ya mama inakutana na za Mwanza, Moshi, Mbeya, nchi nzima. Panapochangia sana panabeba panapochangia kidogo. K-LOVE hivyo hivyo. Hawa vijana wana mnara mmoja Nachingwea, wilaya yenye Waislamu wengi, wakianza redio ya kanisa ya michango nani atambeba nani?

Nangurukuru_Stendi:
Chaguo la tatu, kujiunga na redio ya Dar mrushe vyao tu, msiliguse. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ikakatika Somanga, mimi niko kwenye basi, dereva anazungusha masafa, huku bongofleva huku mahubiri. Tulichotaka ni mtu mmoja aseme maji yamepungua au bado. Tukaja kuambiwa na muuza mayai.

Mchuruzi_Nachi:
Mama shikamoo, na wengine asanteni. Nimemsomea mtu wa kanisa hapa, ameguna, hoja ya mnara mmoja imemuingia. Amesema atakubali biashara kwa masharti mawili, tusitangaze bia na Jumapili asubuhi aachiwe saa moja. Yule mwenzetu wa Ijumaa naye kadai yake palepale, tumempa. MuuzaSpoti, hiyo miezi mitatu tunaikusanya kwanza, na wa magodoro atalipa kwa hela. FundiMnara nicheki inbox unipe bei ya transmita iliyotumika.

MuuzaSpoti:
Hahaha la inchi nane mpokee tu, ila ukae karibu na mlango.