Naomba ushauri: nimekwama kwenye asili ya jina la ukoo Birtwistle

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Preston, Uingereza, na mume wangu ni wa ukoo wa Birtwistle. Mama mkwe ni mzee sasa, na ningependa ajue wazee wa marehemu mumewe walitoka wapi hasa.

Jina lenyewe ni la mahali: Birtwistle, karibu na Padiham, Lancashire. Kwa Kiingereza cha kale ni makinda ya ndege na panapokutana mito. Zuri mno! Ni jina adimu, na wengi wake ni wa huku huku Lancashire. Mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle naye alizaliwa Accrington mwaka 1934.

Nimerudi nyuma hadi sensa ya 1851: babu yupo, miaka 32, mfumaji. Sensa ya 1841 imemwandika 20 tu, maana watu wazima walishushiwa umri kwa mafungu ya miaka mitano. Kwenye daftari za ubatizo wapo watoto wawili wa jina lake, mmoja 1817, mwingine 1819, na baba zao wote wafumaji. Nikaagiza cheti cha ndoa. Kikafika, na pale pa jina la baba pamepigwa mstari mtupu. Niliumia.

Naomba kuuliza: nitawatofautishaje hawa wawili? Na mmoja kaandikwa Birtwhistle, yenye h. Je, hiyo ni dalili ya ukoo mwingine, au ni mwandiko wa karani tu?

Natanguliza shukrani.