Tupeane uzoefu: karatasi za kastamu zilivyokutesa ukituma au kuleta vifaa vya umeme

FundiMasafa, Kampala

Banange, habari za jioni. Nimefungua hii mada kwa sababu nina hasira na nimegundua siko peke yangu, jana kwa kinyozi Kawempe jamaa wawili walikuwa wanalia kilio hichohicho. Aliyewahi kutuma nje au kuleta simu, laptopu, TV, spika, chochote chenye waya, aje aseme karatasi gani ilimkwamisha. Kodi tuiweke pembeni, kodi tunaijua. Mimi nataka habari za karatasi.

Naanza na yangu. Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye kwanjula (sherehe za utambulisho) na maharusi, nina mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ya chaneli 24 niliyonunua Dubai. Mwaka jana chaneli ya tatu ikaanza kukoroma kama mzee aliyelewa, waliouza wakaniambia waranti bado ipo, itume tutakutengenezea bure. Nikaibeba mpaka kwa kampuni moja ya kurier mjini, kijana wa kaunta akauliza hii ni nini, nikamwambia mikisa, yeye akaandika "vifaa vya umeme, kipande 1, kilichotumika", thamani dola 900, nikasaini bila kusoma nikaenda zangu kula rolex, chapati yetu ya mayai. Kumbe pale ndipo nilipojifunga.

Wiki tano baadaye imerudi Entebbe imepona. Napigiwa simu, una mzigo, leta TIN (namba ya mlipakodi), leta invoisi, uje na kodi. Kodi ya nini na ni mali yangu imetoka juzi imerudi? Ofisa akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma, akasema mzee, nionyeshe karatasi inayosema hii iliyoingia ndiyo ile iliyotoka. Yaani seriali namba. Kwenye karatasi ya kutokea hakuna seriali namba wala modeli, kuna "vifaa vya umeme kipande 1", inaweza kuwa hata pasi. Akaigeuza mikisa kichwa chini pale mezani, akaimulika na tochi ya simu, stika imefutika kwa jasho la miaka ya kuibeba kwenye boda, zimebaki tarakimu nne za mwisho. Nikamtolea picha za harusi ya 2023 mikisa inaonekana nyuma ya bi harusi. Akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalipa. VAT 18%, ile withholdingi (kodi ya zuio) 6%, ushuru wenyewe, na pesa ya stoo ya siku tisa nilizokuwa natafuta risiti ya zamani kwenye sanduku la mama watoto, jumla ikapita milioni moja. Matengenezo ya bure hayo.

Haya, nani anafuata?

DadaWaTororo

Pole sana kaka. Yangu ni ndogo lakini ilinitia aibu. Nilimtumia mdogo wangu simu Ujerumani, siku yake ya kuzaliwa, nikaandika kwenye fomu ZAWADI kwa herufi kubwa na thamani nikaweka sifuri, nikijua zawadi haina bei. Kumbe kwa kastamu kila kitu kina bei! Akapata barua aende ofisi ya forodha na uthibitisho wa thamani, zawadi ya mtu kwa mtu inasamehewa kama haizidi euro 45 na simu ilikuwa inazidi hapo mara nyingi. Uthibitisho niutoe wapi, niliinunua kwa jamaa wa simu za mkono wa pili mjini, risiti yake ameandika kwa kalamu "essimu 1", yaani simu kwa Kiganda, tarehe na saini, basi. Mdogo wangu akaniambia dada, wananiuliza "essimu" ni kampuni gani. Mwisho ikabidi alipe yeye. Alilipia zawadi yake mwenyewe na akaniambia asante, nikajisikia vibaya wiki nzima.

FundiMasafa

"Essimu ni kampuni gani" hahaha. Samahani dada, nimecheka kwa uchungu.

KijanaWaBetri

Nyinyi mna bahati mmefika mpaka kastamu. Mimi mizigo yangu inarudishwa kaunta haijaona hata uwanja wa ndege, kisa betri. Natengeneza simu, na kuna wateja Juba na Kigali wananiagiza betri na powabanki. Mara ya kwanza niliandika "spea za simu". Wakafungua, wakaona betri, wakarudisha. Mara ya pili nikaandika "betri za simu", wakauliza ni lithiamu-ioni, nikasema ndiyo, wakauliza ziko peke yake au ziko ndani ya kifaa. Nikadhani wananitania. Kumbe ndiyo swali lenyewe. Kwa namba za mizigo hatari, betri peke yake inaitwa UN3480, ikiwa ndani ya simu au imefungwa pamoja nayo ni UN3481, na hizi mbili zinatendewa tofauti kama mtoto wa kambo na mtoto wa ndani. Betri peke yake haziruhusiwi kupanda kama kago kwenye ndege ya abiria tangu Aprili 2016, zinasubiri ndege ya mizigo, na chaji isizidi 30%. Mara ya tatu nimejua yote hayo nimekwenda kifua mbele, wakaniuliza Wh ngapi, yaani wati-saa, umeme unaobebwa na betri. Powabanki imeandikwa mAh 20,000 tu. Nikajifunza hesabu palepale kwenye kaunta, unachukua Ah 20 unazidisha na volti 3.7 unapata Wh 74. Yule dada akasema hesabu yako ni sawa lakini lazima iandikwe kwenye powabanki yenyewe, siyo kwenye kiganja chako. Maana nilikuwa nimeandika kwenye kiganja.

Siku hizi natuma betri ndani ya simu tu. Mteja anataka betri, anunue na simu.

HajjiWaKontena, Kisenyi

Assalam alaykum. Vijana mnalia na vifurushi, ngoja niwaambie kontena. Nilileta inverta na taa za sola kutoka China, futi 20, kila kitu nimelipia, cheti cha kukubaliana na viwango kipo, maana bila kile mzigo haujatoka kule uko matatani, UNBS, wale wa viwango wa Uganda, wanataka bidhaa ikaguliwe hukohuko kabla ya kupanda meli. Nikakaa nimekunja miguu nasubiri. Meli ikafika Mombasa. Mnajua tangu ule utaratibu wa forodha moja ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2014, tunafanya dekleresheni (tamko la mzigo kwa forodha) na kulipa hapa Uganda mzigo ungali Mombasa, ndipo unaachiliwa kutoka. Utaratibu mzuri, mimi siuchukii. Sasa ajenti anaingiza kwenye mfumo, mfumo unakataa. Anaingiza tena, unakataa. Siku ya tatu ndiyo tumeona, kwenye TIN mimi ni Muhamad, kwenye bili ya meli, ile hati ya mzigo, Mchina ameandika Mohammed.

Wallahi herufi tu. Mtume wangu ana majina yanaandikwa kila namna duniani kote na hakuna anayegombana, lakini kompyuta ilisema hawa ni watu wawili. Kubadilisha bili ya meli lazima uanzie kwa aliyepakia China, arudi kwa wenye meli, nao wabadilishe manifesti (orodha ya mizigo ya meli), na huko China ilikuwa sikukuu ya mwaka wao mpya, ofisi zimefungwa. Kontena inakaa bandarini inahesabiwa siku kwa siku, stoo peke yake na ya kuchelewesha kontena peke yake, kwa dola. Siku 17. Faida yote ya taa ilikwenda kwenye herufi. Sasa nikipiga simu China kitu cha kwanza simuulizi bei, namwambia niandikie jina langu kwenye WhatsApp nilione.

MkatoTu

Mnateseka bure. Kule mtaa wa mapinta, wachapishaji wa karatasi, mjini, mnaujua, unatengenezewa invoisi inayosema unachotaka. TV ya dola 600 inakuwa dola 90, unalipa kidogo unakwenda nyumbani.

HajjiWaKontena, Kisenyi

Kijana usipotoshe watu. Wana bei zao kwenye mfumo, wanajua TV ya inchi 55 ni kiasi gani kuliko wewe. Ukileta dola 90 wanaipandisha, halafu faili lako linawekwa pembeni, kila mzigo wako wa baadaye unafunguliwa mpaka chini. Ninaye jirani yangu dukani yanamkuta hayo mpaka leo.

DerevaMalaba

Nyie mnazilalamikia karatasi, mimi nalala nazo. Juzi nimebeba TV, sili ya elektroniki inaonyesha niko sawa, seti ya karatasi iko sawa, isipokuwa namba ya kontena kwenye karatasi moja ina sifuri ambapo inatakiwa herufi O. Usiku mbili kwenye laini ya malori mpakani. Chai ya Malaba nimeinywa nimeichoka.

MwalimuLugazi

Swali kutoka kwa asiyejua. Kanisa letu lilitumiwa redio za mkononi sita na marafiki wa Uingereza, zile za walinzi za kuongea. Zimekwama. Wanasema UCC, tume ya mawasiliano.

MzeeAjenti, mstaafu

Mwalimu, kifaa chochote kinachorusha mawimbi lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa na UCC, na redio za aina hiyo zinahitaji pia ruhusa ya masafa. Nenda na modeli na barua ya kanisa, usiende mikono mitupu. Wangekuuliza kabla ya kutuma ingekuwa rahisi, lakini wafadhili hawaulizi.

Nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi, ngoja niseme na FundiMasafa, maana yako inanikera kuliko zote, ilikuwa ya kuepukika. Kitu kikienda kutengenezwa na kurudi, hutumi kama kifurushi. Unamwambia ajenti afanye dekleresheni ya kutoa kwa muda kwa ajili ya matengenezo, modeli na seriali namba viandikwe, na ofisa aione mashine kwa macho yake KABLA haijaondoka. Ikirudi unaleta karatasi hiyo na invoisi ya fundi, kinachohesabiwa ni thamani ya matengenezo, siyo ya mashine nzima. Na yule fundi wa nje usimwache aandike bei ya mashine mpya kwenye invoisi, wanapenda sana kufanya hivyo wanadhani wanakusaidia kwa ajili ya bima. Kama stika imefutika, piga picha ya seriali namba iliyo ndani kwenye bodi, nyingi huwa nayo. Na hilo neno "vifaa vya umeme" lifute kichwani. Friji ni kifaa cha umeme, mikisa ni kifaa cha umeme, kengele ya mlango pia. Laptopu ushuru wake ni sifuri kwa jedwali la Afrika Mashariki, TV ushuru wake ni mkubwa, sasa ukiandika vifaa vya umeme unategemea akuwekee ipi?

KijanaWaBetri

Mzee na Marekani? Nina mteja anataka nimrudishie bodi ya simu yake, ya dola 150 tu.

MzeeAjenti, mstaafu

Zamani ningekwambia tuma, kwao chini ya dola 800 ilikuwa inapita bila ushuru. Huo msamaha waliuondoa tarehe 29 Agosti 2025. Mwambie mteja mapema atalipa, asije akakataa mzigo mlangoni ukarudi kwako kama ule wa FundiMasafa.

FundiMasafa

Mzee asante, laiti ningekujua mwaka jana. Kwenye bodi kweli kuna namba, nimefungua sasa hivi na bisibisi nimeiona, imeandikwa safi kabisa, ilikuwa humo siku zote nikimwonyesha ofisa picha za bi harusi.

Sasa ndugu zangu, kwa kuwa nimeifungua nikaiwasha kidogo kujaribu. Chaneli ya tatu imeanza kukoroma tena. Siitumi popote. Kuna mtu anajua fundi wa bodi za mikisa hapahapa Kampala, hata kama yuko mbali na boda?