Forester ya 2004 inaingiza maji upande wa abiria kila mvua ikinyesha

Mwembeni04
Wakuu, gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, usukani kulia, ina sanrufu (dirisha la darini). Mvua kubwa ikinyesha, kapeti la abiria wa mbele linalowa chapachapa. Siku za jua halilowi hata AC ikiwaka safari nzima, na maji ya rejeta hayapungui. Gari linalala nje chini ya mwembe, pua ikielekea mteremko. Fundi anataka kupaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele na sanrufu. Nimruhusu?

Bisibisi_Kumi
Usimruhusu bado. Kwanza okoa umeme: kwenye Forester hizo za usukani wa kulia, kompyuta ya injini iko hapohapo miguuni pa abiria, chini ya kapeti, nyuma ya bati. Chomoa betri, subiri dakika chache (soketi za njano chini ya kiti ni za mifuko ya hewa), fungua bolti nne za kiti kwa spana ya 14, inua kapeti. Usidanganywe na ukavu wa juu. Sponji la chini linaweza kuwa limebeba lita kadhaa.

Maji unayoyaona sakafuni mara nyingi yameingilia mbali na hapo. Kwa hiyo yabane kwa hatua. Fungua kisanduku cha dashibodi, chomoa filta ya hewa ya ndani. Ikiwa imelowa au ina tope, maji yanapitia kwenye blowa (feni ya hewa ya ndani): chini ya waipa kumejaa majani, maji yakikosa pa kutokea yanapanda hadi kwenye tundu la kuvutia hewa. Filta ikiwa kavu, bandua plastiki ya nguzo ya kioo cha mbele upande wa kushoto, yaani wa abiria, na upapase bati kuanzia juu kushuka chini.

Halafu mimina kikombe cha maji, kama mililita 200, kwenye pembe ya mbele ya sanrufu ikiwa wazi. Polepole. Yanatakiwa yaonekane chini ya gari ndani ya sekunde chache. Rudia pembe ya pili, ulinganishe.

Kapeti_Kavu
Mkuu amesema vizuri, naongezea milango. Forester hiyo milango yake haina fremu ya kioo, kwa hiyo raba inaweza kuwa nzima na maji yakaingia kwa sababu kioo hakiigandamizi. Weka kipande cha karatasi kati ya kioo na raba, funga mlango, vuta. Ikichomoka kirahisi sehemu moja, kioo kinahitaji kurekebishwa pale, siyo raba mpya.

Maji kuingia ndani ya mlango wenyewe ni kawaida, yanatokea kwenye matundu ya chini. Shida ni ile nailoni nyuma ya kava la mlango. Mafundi wa spika huichana na kuiacha inaning'inia. Ukibandika mpya, ncha ya chini iingie ndani ya mlango ili matone yarudi humo. Ikiachwa nje, yanadondokea kizingitini na moja kwa moja chini ya kapeti.

Dereva_Mtaa
Silikoni mbona inafanya kazi? Unazungushia tu, maji yanakoma.

Bisibisi_Kumi
Yanakoma kwa muda. Raba ya sanrufu haikuundwa kuzuia maji yote. Yanayopenya hupokelewa na beseni lililo chini ya kioo na kushuka kwa mirija ya pembeni. Ukipaka silikoni, umefunga kioo kisifunguke na mrija bado umeziba. Kioo cha mbele nacho kikiwa kinavuja, gundi imeachia au bati chini yake limekula kutu. Dawa ni kukitoa, kusugua kutu, kupaka praima (rangi ya msingi) na kukibandika upya kwa gundi ya vioo. Tena silikoni inayonuka siki huchochea kutu kwenye bati tupu.

Mwembeni04
Majibu: filta kavu. Nguzo ya kushoto imelowa tangu juu. Kikombe cha kulia kimetoka haraka, cha kushoto maji yamesimama kwenye beseni.

Bisibisi_Kumi
Basi ni mrija wa mbele kushoto. Maua ya mwembe na vumbi hugeuka kama ugali mle ndani, na kwa kuwa gari linainamia mbele, maji yote yanakimbilia huko. Vuta kwanza uchafu wa beseni kwa kitambaa. Chukua uzi wa mashine ya kukatia nyasi, unene wa milimita 2, yeyusha ncha iwe duara, usukume kutoka juu huku ukiuzungusha. Usitumie waya, unatoboa mrija. Wala usipulize kwa kompresa yenye presha kubwa: mrija unachomoka kwenye shingo yake juu ya dari, na hapo maji yatakuja kichwani badala ya miguuni.

Ukizibuka, rudia kikombe mara tatu, kisha mwagia gari kwa mpira wa kawaida dakika 15 huku mtu akiwa ndani na tochi. Plastiki ya nguzo iwe bado imefunguliwa. Bati likilowa tena na maji yanatoka vizuri chini, mrija umechomoka juu au umepasuka: utabidi kushusha dari upande huo. Kapeti na sponji vianike juani mpaka ukikandamiza gazeti lisilowe, ndipo urudishe kiti.

Kapeti_Kavu
Na mkuu, geuza gari, pua iangalie juu. Mirija ya nyuma nayo ipimwe kabla hujafanya hivyo.