RX-8 ya 2004, Nairobi: nifunge tabo au nianze na nini?

rota_mbili
Wadau, habari zenu. Gari ni Mazda RX-8 ya 2004, Type S, gia 6 za mkono, injini 13B-MSP (ya rota mbili zinazozunguka badala ya pistoni), kilomita 118,000. Nataka kuiongezea nguvu: tabochaja ndogo, bomba la moshi lisilo na masega (katalitiki, kisafisha moshi), na filta ya hewa ya wazi. Kabla ya kununua chochote nimepima kompresheni kwa kipimo cha rota, injini ikiwa moto. Rota ya mbele, nyuso zake tatu: 590, 580, 600. Ya nyuma: 560, 550, 570. Zote ni kPa, stata ikizungusha mizunguko 220 kwa dakika. Kiwango cha chini cha Mazda ni 680, kwa hiyo fundi amesema injini imekufa, ifunguliwe. Asubuhi inawaka vizuri. Ikizimwa ikiwa moto kwenye foleni, stata inabidi izunguke sekunde 5 au 6. Koili (za kutoa umeme wa cheche za plagi) sijui umri wake. Nianzie wapi?

Fundi_Kigamboni
Mkuu, usifungue injini bado. Hizo namba zimesomwa vibaya, na kosa hili limewabomolesha wengi injini nzima huko kwenu nyanda za juu.

Kiwango cha Mazda (mpya 830, mwisho 680) ni cha usawa wa bahari, stata ikizungusha mizunguko 250. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na hewa ya huko ina mgandamizo wa takriban kPa 82, si 101. Injini inabana hewa nyepesi, kwa hiyo kipimo kinashuka hata ikiwa mpya kabisa. Hesabu yake: chukua kipimo chako, jumlisha 82, zidisha kwa 1.23, halafu toa 101.

580 yako inakuwa 713. 600 inakuwa 738. Rota ya nyuma, 550 inakuwa 676 na 570 inakuwa 701. Ukigeuza hesabu, injini mpya yenye 830 pwani ingekuonyesha kama 675 tu hapo Nairobi, na fundi wako angesema nayo imekufa.

Na hapo sijagusa mizunguko. 220 ni chini ya 250, na stata ikizunguka polepole hewa inapata muda zaidi wa kuvuja kwenye sili (vizuizi vya hewa kwenye kingo za rota), kipimo kinashuka tena. Ukiifidia, hata ile 676 inavuka 680. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 150, na kati ya rota mbili isizidi 100. Wewe uko mbali na hapo. Hii ni injini ya umri wa kati, inayohitaji kutunzwa.

Kuchelewa kuwaka ikiwa moto ni dalili ya kompresheni ndogo au stata dhaifu. Yako naona ni stata kwanza. Chaji betri ijae, fungua waya mkubwa wa stata na waya wa bodi, sugua vichwa vyake mpaka ving'ae, kaza, upime tena. Ikibaki 220, badilisha stata. Mazda yenyewe baadaye ilitoa yenye nguvu zaidi kwa sababu ya tatizo hili hili. Tafuta hiyo, usinunue ya zamani ya mtumba.

mtaalamu_wa_plagi
Naunga mkono. Ila kabla ya stata, mimi ningeanza na koili, kwa sababu koili ndizo zinazoua RX-8 nyingi, na zinaua taratibu bila taa kuwaka.

Mlolongo ni huu. Koili inachoka, cheche inakuwa dhaifu mzigo ukiwa mkubwa. Petroli isiyoungua inatoka na kwenda kuungulia ndani ya masega. Masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba. Moshi unakosa njia, joto linarudi kwenye matundu ya ekzosi ambayo kwenye 13B-MSP yapo ubavuni, pale pale sili za pembeni zinapopita. Sili zinachoka, kompresheni inashuka. Mwenye gari anaona matokeo ya mwisho tu, anasema injini za rota ni mbovu.

Koili zipo 4. Kama hujui umri wake, badilisha zote kwa pamoja, uandike kilomita juu yake kwa kalamu ya rangi. Baada ya hapo hesabu kilomita 50,000. Usizipime kwa multimita ukaridhika: koili dhaifu inatoa namba nzuri ikiwa baridi mezani. Wengine hufunga koili za V8 za GM kwa braketi na waya mpya. Hilo ni badiliko la maana kwa gari hili kuliko filta ya hewa, maana boksi la hewa la Mazda limeshatengenezwa vizuri na filta ya wazi itavuta hewa ya moto ya boneti.

Masega yapime. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Gari likiwa linanguruma bila kukanyagwa isizidi psi 1.5, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Ikizidi, yameziba. Gonga kopo la masega kwa kiganja likiwa limepoa: ukisikia vipande vinacheza ndani, umeshapata jibu. Bomba tupu litaondoa kizuizi, lakini ukilifunga juu ya koili mbovu umeficha dalili tu.

Taa ya injini ikipepesa, toa mguu kwenye mafuta papo hapo. Ukisoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, P0301 ni rota ya mbele kukosa cheche, P0302 ya nyuma.

rota_mbili
Asanteni sana wakuu, mmeniokolea injini. Basi koili, masega na stata kwanza. Na tabo baada ya hapo?

Mombasa_9000
Ndugu yangu, tabo kwenye injini hii iache mpaka mambo matatu yakamilike, na hata hapo presha isipite psi 6 au 7. Mgandamizo wake ni 10.0 kwa 1, mkubwa kwa injini ya tabo, na tundu la ekzosi la katikati linatumiwa na rota zote mbili, kwa hiyo joto linajikusanya hapo. Petroli ikilipuka kabla ya wakati, hata mara moja, sili ya ncha ya rota inaweza kuvunjika. Kipande chake kinachana hauzingi (ganda ambamo rota inazunguka), na tabo nayo inakula chuma.

La kwanza ni joto. Usiiamini geji ya dashibodi: mshale unakaa katikati mpaka maji yameshapita kiasi. Chomeka kisomaji cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) usome nyuzi zenyewe. Ikifika 105 punguza mwendo, 110 simama. Hauzingi ni alumini na bamba za pembeni ni chuma, vinatanuka tofauti, na sili za maji zilizo katikati ndizo zinazoungua. Angalia kopo la maji kwenye maungio yake, hupasuka. Na plastiki la chini ya bampa lirudishwe! Mafundi hulitoa wakimwaga oili wakaliacha, kisha hewa inapita chini badala ya kupita kwenye rejeta na vipoza oili viwili.

La pili ni oili. Pima kila ukijaza tangi mara ya pili, maana injini inaila kwa makusudi kulainisha sili. Ukimwaga hutoka kama lita 3.5 tu, nyingine hubaki kwenye vipoza oili, kwa hiyo badilisha mapema, kila kilomita 5,000. Usiondoe pampu inayopeleka oili kwenye rota, kompyuta itabana nguvu. Ongeza oili safi ya tu-stroki kwenye petroli, ya daraja la JASO FC au FD, mililita 200 kwa lita 40. Usimimine oili ya injini huko.

La tatu ni vali za hewa. Ya kwanza inafunguka kwenye mizunguko 3,750. Mwenzako apige mpaka 4,500, wewe ukitazama kijiti chake. Kisiposogea, kaboni imekikamata, na umeshapoteza nguvu ambazo ungezitafuta kwa tabo.

rota_mbili
Nimeelewa. Swali la mwisho: plagi zote 4 ni aina moja?

mtaalamu_wa_plagi
Hapana, na usizichanganye. Ondoa gurudumu la mbele kushoto, utaziona mbili juu na mbili chini. Chini ni RE7C-L, juu ni RE9B-T, zote NGK. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangalia: L chini, T juu. Weka alama kwenye kila waya kabla ya kuchomoa.