Naombeni ushauri: mtoto ameanza kuficha dawa

Habari zenu ndugu zangu. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 10, alizaliwa na VVU. Enzi za ile dawa ya maji, chungu kupita maelezo, tulikuwa tunakimbizana nyumba nzima: anatapika, namrudishia. Alipohamishiwa vidonge vyenye dolutegravir, mara moja tu kwa siku, nikashusha pumzi.

Mwezi uliopita kipimo cha wingi wa virusi kimerudi juu ya nakala 1,000, na mara mbili za nyuma havikuonekana kabisa. Nesi akaniuliza kama kweli anameza. Nikaapa! Juzi natandika kitanda chake nakuta vidonge saba ndani ya soksi, vimelowa mate vikakauka.

Sikumchapa. Nilipomuuliza akanijibu, "Mbona wenzangu hawanywi? Kwani mimi naumwa nini?" Miaka yote nimemwambia ni dawa ya kifua. Uongo wangu mwenyewe huo.

Najua Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 waambiwe hali yao. Kujua najua, mdomo ndio mzito. Akiniuliza aliupataje, nimtaje mama yake? Na akienda kuwasimulia wenzake shuleni?

Mliopitia hili, mlianzaje? Mlimwambia nyumbani au mbele ya mshauri wa kliniki? Na nitamsimamiaje kumeza bila kumlinda kama mfungwa? Kliniki tunarudi wiki ijayo.